Kibanda cha moshi cha Mtoni

Masika yakiingia, jua la kuanikia samaki halipatikani, na ndizo siku ambazo Baba mkwe hurudi kutoka mnadani Malindi na ndoo nzima ya vibua kwa sababu bei imeshuka. Jokofu letu ni dogo. Basi akaamua tujenge kibanda cha mbao cha kukaushia kwa moshi, kule uani, chini ya mwembe.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa paa. Baba alitaka makuti, maana makuti yanapumua. Mama mkwe akasema makuti na moto havikai nyumba moja, nami nikawa upande wake. Tukaezeka bati. Vibua vya mwanzo vikatoka na madoa meusi mgongoni, machungu kama shubiri. Moshi una unyevu. Ukigusa bati la baridi unakuwa maji, maji yanazoa masizi, yanamdondokea samaki. Shemeji akaliinua bati upande mmoja na kuacha upenyo wa vidole vinne chini yake. Matone sasa huteremka hadi ukingoni, na moshi hupita badala ya kutuama.

Kisha likaja suala la jodari. Mafuta yake yalichuruzika juu ya makaa, miali ikapanda hadi kwenye boriti. Mama akaja mbio na karai la mchanga huku anatukemea tusimwage maji, maana maji juu ya mafuta yanayowaka huutawanya moto. Boriti ile mpaka leo ni nyeusi. Jioni ileile moto ukahamishwa nje: Shemeji akachimba shimo hatua chache kutoka kibandani, akatengeneza mtaro wa matofali, akaufunika kwa bati na udongo. Joto linafika, moshi unafika, miali haifiki. Kwangu mimi, kibanda cha mbao chenye moto ndani ni bora kisijengwe kabisa.

Tunachoma magogo makavu ya mwembe, na makumbi ya nazi yaliyonyunyizwa maji kwa ajili ya moshi. Vipande vya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa Mama havitaki hata karibu na shimo, kwa kuwa sumu yake huishia kwenye chakula.

Kazi yenyewe haiishi. Chumvi ya bahari inayozila kuta za magofu ya kasri la Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, mwaka 1844, ndiyo inayokula misumari yetu. Nguzo tumezisimamisha juu ya saruji kwa sababu ya mchwa. Mlango huvimba masika, ukasinyaa kiangazi, na nyufa zake tunaziba kwa udongo. Upepo wa kusi ukivuma, moshi wote huenda kwa jirani wa kaskazini, kwa hiyo hatuwashi kabla hajaanua nguo zake.

Sasa Baba anataka kipanuliwe apate kuning'iniza papa. Mama amekataa katakata: harufu ya papa ikishaingia kwenye mbao, vibua vyote vya baadaye vitanuka papa.