Mmisionari na Mapipa Manne

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na haukupita muda mrefu wakawa na vituo Mamba na Moshi. Walitubatiza, wakatujengea shule, wakatufundisha kuimba sauti nne. Tangu hapo mambo yamegeuka. Kanisa letu, KKKT, sasa ni mojawapo ya makanisa makubwa ya Kilutheri duniani, wakati kule Saksonia, Ujerumani, walikotoka wageni wetu wale, Wakristo wa madhehebu yote wakijumlishwa hawafiki robo ya wakazi. Ikaonekana ni uungwana kuwarudishia ziara. Kura ikaniangukia mimi, mwanafunzi wa theolojia mwenye sauti ya besi na pasipoti isiyo na muhuri hata mmoja.

Usharika uliniaga kwa keki, kitenge na maombi marefu. Mama, anayeamini kwamba Ulaya kuna kila kitu isipokuwa chakula, alinifungia dagaa wa Mwanza. Forodha ya Ulaya haina ugomvi na samaki wakavu wa msafiri, mradi wasizidi kilo 20. Vinavyokamatwa ni nyama na maziwa. Mama alikuwa ameshaiulizia habari hiyo mjini kabla hata ya kuniuliza kama nimebeba Biblia.

Nilifikia mji mdogo kusini mwa Leipzig, katika nyumba ya ghorofa yenye ngazi zinazong'aa kuliko sakafu ya kanisa letu siku ya Pasaka. Ratiba yangu ya umisionari ilitaja shule ya chekechea, kutembelea wazee, na kwaya. Haikutaja mapipa.

Mapipa yalikuwa uani, manne, yamejipanga kama askari wa gwaride. La bluu ni la karatasi. La njano ni la vifungashio vya plastiki na bati. La kahawia ni la maganda na mabaki ya jikoni. Jeusi hupokea kila kilichokataliwa na wenzake. Chupa za kioo hazihusiki hapo. Hizo zina makontena yake barabarani, nyeupe mbali, kijani mbali, kahawia mbali. Chupa za plastiki za maji wala si taka, bali ni fedha: unazirudisha dukani, mashine inazimeza moja moja na kukuhesabia senti 25 kila chupa. Kwetu mtu anazaliwa, anaoa na kuzeeka kwa kutegemea shimo moja nyuma ya migomba.

Sasa chukua kipakiti cha chai kilichokwisha kutumika. Ndani kuna majani, hayo ni ya kahawia. Kuna kikaratasi chenye jina la kampuni, hicho ni cha bluu. Kuna uzi, ambao hauna kwao. Na kuna kipini kidogo cha chuma kinachoshikilia uzi, ambacho ukikitafuta kwa kucha kinaingia kwenye nyama ya kidole. Nilikuwa nimesimama mbele ya mapipa jioni moja, kiganja wazi, vipande vyote vimepangwa, ndipo mama mzee anayekaa chini yangu alipotoka na taka zake. Jirani huyo nilikuwa nikimwita moyoni Bibi wa Chini, kwa kuwa kumwita Bibi mdomoni nilishakatazwa. Kule mzee usiye na undugu naye huitwa kwa jina la ukoo, na jina lake la ukoo lilinishinda kulitamka.

Akatazama kiganja changu. Akasema kipakiti chote huingia pipa la kahawia, kama kilivyo. Kisha akainama kukichungulia kile kipini, akaongeza kwa sauti ya mtu anayemheshimu fundi mwenzake: "Lakini hicho, ni kweli, ni cha njano."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza ya kiroho.

Ya pili yalikuja Jumapili. Kwetu Jumapili ndiyo siku yenye kelele kuliko zote: spika za kwaya zinaamka kabla ya jogoo, na usharika wenye spika mbovu unaonewa huruma. Ujerumani Jumapili ni siku ya kunyamaza. Maduka mengi yamefungwa, kutoboa ukuta ni marufuku, na hata chupa hutupi kwenye kontena, maana zitalia. Mimi, nikiwa nimetoka ibadani na roho imechangamka, nikachukua ngoma nifanye mazoezi kidogo. Sikufika ubeti wa pili. Kengele ya mlango ililia, na Bibi wa Chini alikuwa amesimama pale na karatasi ya kanuni za nyumba mkononi.

"Leo ni Jumapili," akasema.

Huyu ni mtu aliyekulia Ujerumani Mashariki chini ya chama cha kikomunisti. Wenzake wa huku kwetu wakipata kipaimara, yeye akiwa na miaka 14 alipitishwa kwenye sherehe ya vijana iliyosimamiwa na serikali, akaapa kuujenga ujamaa. Kanisani huingia kwa mazishi tu, tena ya watu aliowapenda. Na ndiye aliyepanda ngazi kumkumbusha mmisionari aiheshimu siku ya Bwana.

Jioni hiyo Mama alipiga simu.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama. Mkate na jibini."

"Hiyo ni chai. Nakuuliza chakula."

Sikuwa na jibu, kwa sababu chakula cha jioni cha Wajerumani ni hicho hicho: mkate, jibini, soseji iliyokatwa vipande vyembamba, labda tango la siki. Nilipoalikwa kwa mara ya kwanza nilikula kipande kimoja tu, kwa adabu, nikiacha nafasi ya ugali. Wenyeji wakaondoa sahani, wakanitakia usiku mwema.

Ndipo, wiki moja ya Desemba, nikawafungulia dagaa. Nilifunga madirisha kwa ajili ya baridi, nikakatakata kitunguu na nyanya, nikabandika kikaango. Dagaa wakianza kukaangika hawana siri. King'ora cha moshi darini kikapiga kelele za kuamsha wafu, milango ikafunguka kwenye ngazi zote, na Bibi wa Chini akawa ndani ya jiko langu kabla sijakumbuka kuzima moto. Alifungua dirisha la jiko, la sebule, la chumba cha kulala, na la ngazi. Wajerumani wanaamini hewa mbaya inaua haraka kuliko baridi. Theluji ikaanza kuingia sebuleni. Alipomaliza akasimama mbele ya kikaango, akavuta pumzi, akauliza hawa ni nani.

Akaonja mmoja, na kichwa chake. Akaonja wa pili. Akaniambia kuhusu likizo za utotoni pwani ya Baltiki, ambako baba yake alikuwa akiwanunulia samaki wadogo waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye gazeti. Tukala tumevaa makoti. Akaondoka na sahani iliyojaa, na baada ya siku chache sahani ikarudi ikiwa na kipande kinene cha stollen, ile keki ya Krismasi ya Saksonia yenye zabibu kavu na sukari ya unga kama theluji. Nilifurahi kuona kwamba huko pia sahani ya jirani hairudi tupu. Mahubiri yangu ya Majilio, niliyoyaandaa kwa jasho, hayakuwa yamemvuta mtu yeyote ngazini kwetu. Dagaa walikuwa wamemvuta mmoja.

Baada ya mwaka mpya, Mchungaji, mama mpole mwenye baiskeli, aliniomba nioneshe jambo moja la kanisa la nyumbani. Wakati huo ibada zilikuwa zimehamia ukumbini, kwa kuwa kulipasha moto kanisa la mawe ni gharama. Nikachagua mnada. Kila aliyesali kwetu anaujua: ibada imekwisha, matangazo yamekwisha, mayai ya mama fulani yanasimamishwa mbele, bei inapanda, mshindi analipa na kuyarudisha, yanauzwa tena, na ukifika nyumbani yai moja limeshagharimu kama kuku mzima.

Nikasimama na trei ya mayai kumi. "Euro 2!" Mzee mmoja akanyanyua mkono.

"Nani anaongeza?"

Kimya. Mama mmoja akanyoosha kidole, moyo wangu ukaruka. Alitaka kujua kama kuku wanafugwa nje.

Nikamwuliza jirani yake kwa nini haongezi. Akanong'ona kwamba si vizuri. Yule bwana ameshasema anayataka. Yule bwana akalipa, akaweka mayai kwenye mkoba, akaomba risiti ya michango kwa ajili ya mahesabu ya kodi. Ningewashangaaje? Muumini wa huko hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, na serikali ndiyo inayokusanya. Sadaka imeshatoka kimyakimya kabla mtu hajavaa viatu vya kwenda ibadani.

Nilikuwa nafungasha chupa ya jamu ya plamu, bidhaa ya pili, nilipomwona Bibi wa Chini mlangoni. Alikuwa amesoma tangazo langu kwenye ubao wa nyumba.

"Naweza kutoa zaidi yake?" akauliza, akimwelekezea kidevu mzee wa mayai.

"Unaweza."

"Na yeye anaweza kutoa zaidi yangu?"

"Anaweza."

Akavua glavu. "Tano."

Ambacho sikukijua ni kwamba hao wawili wana bustani zinazopakana. Utamaduni wa wakazi wa mjini kukodi vishamba vidogo umeota mizizi Leipzig tangu karne ya 19, na mtofaa wa mzee yule umekuwa ukidondosha majani upande wa Bibi kwa miaka mingi. Mzee akasema nane. Bibi akasema kumi na mbili. Mwenye risiti akasahau risiti. Kahawa ikapoa vikombeni, mpiga kinanda akapanda kwenye kiti, na jamu ya plamu ikaondoka kwa euro 40, mikononi mwa mtu asiyekula sukari. Mayai yakatolewa kwenye mkoba na kuuzwa upya.

Kwa kuwa Ujerumani hakuna furaha isiyo na kamati, mnada sasa una kamati. Mwenyekiti ni Bibi wa Chini, ambaye bado haamini Mungu lakini hufika mapema asije akakosa kiti cha mbele, na hivyo hukuta baraka ya mwisho. Ameandaa kanuni za kurasa mbili. Mnada unaanza saa tano na dakika tano na kwisha saa tano na dakika ishirini na tano. Risiti zitatolewa. Kanuni ya saba, aliyoipigia mstari mwenyewe kwa rula, inasema kwamba ndani ya muda huo, ijapokuwa ni Jumapili, kelele zinaruhusiwa.