Kasala ya Tairi Lililotoboka

Lubumbashi hakuna asiye na msifu wake. Mwanamuziki humtaja tajiri aliyelipia meza ya mbele. Shabiki wa Lupopo huisifu Lupopo hata jioni ya kufungwa na Mazembe. Na Waluba wana kasala, utungo unaomwita mtu kwa majina ya mababu zake, mito waliyovuka na vita walivyopigana, hadi mwenye kusifiwa anatoa pesa bila kujua mkono umeingia mfukoni saa ngapi.

Pancha peke yake ndiyo haijapata mwimbaji. Inatukanwa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kibemba na kwa Kiluba, mara nyingi katika sentensi moja. Lakini Lucian wa Samosata alimsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511. Ikiwa nzi na upumbavu vilipata mawakili, tairi lililotoboka lisikose mtu wa kulisemea. Nisikilizeni.

Kasala huanza na ukoo. Baiskeli za kwanza zilivaa chuma, kisha mpira mgumu usio na hewa ndani. Hazikutoboka, kilichotoboka kilikuwa kiuno cha mwendeshaji. Mwaka 1845 Mskoti Robert William Thomson alisajili gurudumu lenye hewa, dunia ikampuuza. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akalibuni upya ili mwanawe apande kibaiskeli chake cha magurudumu matatu bila kurushwarushwa. Siku hewa ilipofungiwa ndani ya mpira, siku hiyohiyo pancha ilitungwa mimba. Raha na tundu ni mapacha, na kwetu kila mtu anajua adabu yake: humsalimii pacha mmoja ukamruka mwenzake.

Ndugu Michelin wa Clermont-Ferrand waliielewa adabu hiyo mapema. Mwaka 1891 walitoa tairi linalovuliwa na kuzibwa njiani. Inasimuliwa kwamba mwaka uliofuata, katika mashindano waliyoyaandaa wenyewe kutoka Paris hadi mjini kwao, walimwaga misumari barabarani ili watu waone jinsi kazi ya kuziba ilivyo nyepesi. Msidhani basi kwamba pancha ni mdoezi wa safari. Iliwahi kualikwa rasmi.

Na mpira wenyewe ulitoka wapi? Hapo ukoo unapita kwetu. Katika miaka ya 1890 Ulaya ilipanda baiskeli kwa wazimu, na mpira wa kuvalisha magurudumu yake ukadaiwa kwa nguvu katika Dola Huru ya Kongo, mali ya mfalme Leopold II. Wanaume wa misitu ya Ikweta na Kasai walisukumwa porini kugema mitambaazi ya mpira, wake zao wakishikwa mateka mpaka kikapu kijae. Kijiji kilichopunguza kipimo kililipa kwa risasi na kwa mikono iliyokatwa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka hayo kwenye karatasi, na mwaka 1908 mfalme akalazimika kuliachia koloni lake la binafsi likawa la Ubelgiji. Hebu fikirini: mume msituni, mke kizuizini, ili mume na mke wengine, Brussels au London, watembee Jumapili kwa baiskeli bila kuumia mgongo. Tangu enzi hizo tairi lina deni na sisi. Wafalme hawakulilipa, makampuni hayakulilipa. Pancha ndiyo karani pekee anayekuja kulidai, tundu moja moja, kila siku ya Mungu.

Ndugu zake wa karibu ni watatu. Wa kwanza ni mbigili, mmea unaotambaa chini kama hauna neno na mtu. Tunda lake lina pembe kali, na vyovyote litakavyoanguka, pembe moja hutazama juu. Wa pili ni msumari, ambaye hahitaji utambulisho. Wa tatu ndiye bingwa: uzi wa chuma. Tairi la lori limefumwa nyuzi za chuma ndani yake. Likipasuka kwa joto na mzigo, vipande hubaki kando ya lami, na nyuzi hizo nyembamba hukaa zikisubiri. Nenda barabara ya Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka Lubumbashi hadi mpakani, uone foleni za malori ya shaba na kobalti. Mali yenyewe inapita juu, imefungwa kwa turubai na kufuli. Sisi tunaachiwa nyuzi.

Baadhi ya malori hayo hayamalizi safari mpaka yaione bahari. Njia mojawapo inapita Zambia, inavuka Zambezi kwa daraja la Katima Mulilo lililofunguliwa mwaka 2004, inaikata Namibia na kushukia Walvis Bay, kwenye pwani ya jangwa. Hata jina rasmi la ushoroba huo linazifunga pamoja Walvis Bay, Ndola na Lubumbashi yetu. Ukitoka bandarini kwenda kaskazini, ukipita Swakopmund, unaifuata pwani inayoishia katika ile iitwayo Skeleton Coast: ukungu unaoletwa na mkondo baridi wa Benguela, mchanga upande mmoja, bahari yenye mabaki ya meli upande wa pili, na barabara iliyoshindiliwa kwa chumvi. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya, mume na mke, baiskeli zao ndani ya maboksi, ili wakapambane na upepo huko kwa hiari yao na kwa fedha zao.

Nawaheshimu. Anayelipa ili ateseke ni mtu wa imani. Wana gia za kutosha kupanda mnara wa kanisa, wana hema jepesi, wana tairi ambalo muuzaji aliapa kwamba halitoboki. Na hapo katikati ya chumvi na ukungu, uzi ndugu wa ule wa malori ya shaba ya Katanga yetu unaweza kuwapata kama unavyompata kwetu msukuma makala, yaani mkaa. Pancha haichagui pasipoti. Mpoland Kazimierz Nowak, aliyelivuka bara hili kutoka Libya hadi ncha ya kusini na kurudi hadi Algiers kati ya mwaka 1931 na 1936, aliondoka na baiskeli. Kabla ya kumaliza alikuwa ametembea kwa miguu, amepanda farasi na ngamia na kupiga kasia, huku akimwandikia barua mkewe aliyebaki Poland. Ukiitazama orodha ya vyombo vyake utajua baiskeli ilimwambia nini.

Sasa njooni upande wetu, barabara ya Kasenga, alfajiri ya kiangazi, vumbi jekundu likiwa bado limelala. Mume na mke wanaleta makala mjini. Bwana ameshika usukani. Magunia yamepangwa nyuma na juu, hata ukiwatazama kwa mbali unaona makala yanatembea yenyewe. Bibi anasukuma kwa nyuma, mtoto mgongoni. Wametoka kijijini usiku na hawajasemezana: wa mbele hamsikii wa nyuma, wa nyuma hamwoni wa mbele. Ndoa nyingi ziko hivyo hata pasipo baiskeli.

Kisha: fsss.

Bwana anasimama. Bibi anazunguka magunia, na ndipo wanatazamana.

"Papa, si nilikwambia tairi limechoka?"

"Uliniambia la mbele, mama. Hili ni la nyuma."

Wanakaa chini ya mti. Chupa ya munkoyo inafunguliwa, mtoto ananyonya. Ada ya shule inajadiliwa, na deni la shemeji, na kama bati la jikoni litavumilia masika mengine. Mambo ambayo nyumbani yangetaka wazee wanne na mbuzi yanakwisha kabla gundi haijakauka. Mapadri wana semina za ndoa, na wachungaji wana kesha zao. Pancha haina ukumbi wala mchango wa kuingia, na bado inawakalisha wawili wakatazamana usoni.

Gundi hiyo nayo ina mwenyewe. Kila penye mwembe na kivuli kuna kijana mwenye karai la maji, pampu ya mguu na lundo la mipira iliyokufa. Anauvua mpira wa ndani, anaujaza upepo, anauzamisha ndani ya karai kipande kwa kipande, na mapovu yanaungama dhambi ilipo. Anakausha, anakwaruza kwa msasa, anapaka gundi, anangoja, na kungoja huko ndiko ufundi wenyewe, kisha anabandika kiraka alichokikata kutoka mpira wa marehemu. Mwisho anapitisha vidole ndani ya tairi kuutafuta uzi, maana asiyeutoa uzi atarudi kabla ya kufika mtoni. Kijana huyu hakuomba kazi mgodini akaambiwa alete diploma. Pancha ilimwajiri siku aliyoweza kununua karai.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Hawakusema hatobokewi. Waliacha nafasi hiyo kwa makusudi, ili fundi naye ale.

Ilinganisheni sasa pancha na wengine wanaosimamisha watu njiani. Mwenye kamba ya bariyeri ataomba karatasi. Ukiwa nayo, ataomba nyingine. Ukiwa nazo zote, ataomba maji ya kunywa, na maji yenyewe yana povu. Pancha haina sare wala muhuri, na haisemi mkubwa ameenda kula. Bei ya kuimaliza inajulikana tangu mwembe hadi mwembe, na risiti yake ni kiraka ambacho unaondoka nacho.

Lakini sifa iliyo juu ya zote ni hii: pancha husimamisha. Katanga ni nchi ya vitu vinavyopita. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa, mji ukapimwa ukaitwa Élisabethville, na tangu hapo shaba imejua njia ya kutoka kuliko sisi tunavyoijua njia ya kwenda kwa shangazi. Mwaka 1982 ulikamilika waya mkubwa wa umeme kutoka Inga, karibu na Atlantiki, hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, kwa ajili ya migodi. Umeme huo hupita juu ya mapaa ya nyasi bila kuteremka kusalimia. Ndiyo sababu katika mji unaouza shaba ya kutengenezea nyaya za umeme za dunia, sufuria ya bukari, ugali wetu, bado inakaa juu ya mbabula, jiko la makala, na moto wa mbabula umekuja kwa baiskeli. Kila chenye thamani kinapita kwa kasi. Pancha peke yake ndiyo inayompata msafiri na kumwambia: hapa pana watu, shuka uwasalimie, uache kitu.

Najua wapinzani hawakosi. Mmoja atasema pancha inachelewesha soko: aliyefika saa nne anauza makala kwa bei ambayo wa saa moja aliikataa. Kweli. Lakini mama anayenunua kwa bei hiyo ya saa nne naye ana watoto, na hajawahi kusikika akilalamika. Mwingine, msomi, atanikumbusha kwamba miombo inaisha, kwamba kila mwaka wachoma makala wanakwenda mbali zaidi kutafuta mti wa kukata. Hapo nampa mkono. Kisha namuuliza: ni afisa gani wa misitu anayefanya kazi hata Jumapili, bila gari la serikali, bila posho, akipunguza mwendo wa kila gunia linaloondoka porini? Wa tatu atasema kwamba anayelia chini ya mzigo saa sita mchana, kilomita nyingi kutoka mwembe wowote, akifunga tundu kwa ukanda wa mpira wa zamani na kusukuma hivyo hivyo, hana haja na sifa zangu. Huyo wa tatu sina jibu lake. Ninachoweza kumwambia ni kwamba hakubebeshwa magunia hayo na pancha.

Kwa hiyo nasimama kama waimbaji wa kasala wanavyosimama, nikinyoosha mkono kwa ninayemsifu. Wewe pacha wa raha, mjukuu wa mitambaazi iliyomwaga damu, uliyemshusha mzungu pale penye chumvi na mkulima pale penye vumbi ukawakalisha chini sawasawa. Wewe mdai usiyechoka, mpatanishi usiyekula mbuzi, mwajiri usiyeomba diploma. Ombi langu kwako ni moja. Umewatembelea vya kutosha wenye baiskeli, hao wamekuelewa. Sasa panda daraja. Chagua siku moja ya kiangazi, uyatembelee malori yote ya shaba kwa pamoja, kila gurudumu, mbele ya vijiji ambako hayajawahi kusimama. Madereva wapate kivuli, mama wauze bukari na sombe, vijana wenye karai wapange foleni. Na wakubwa walioko mbali, wanaoingojea shaba yao bandarini, wapige simu kuuliza imekwama wapi, walazimike kwa mara ya kwanza kujifunza kulitamka jina la kijiji.

Msafiri mwingine yeyote, tunakutakia safari njema. Isiwe njema mno.