Boti ya Kilakala
Wanaodhani boti ya mpira ni ya wenye mashua za matanga peke yao hawajaiona kata ya Kilakala wakati wa masika. Maji hushuka kutoka milima ya Uluguru, hukuta mtaro umejaa chupa za plastiki, matope na pampasi, basi kwa uungwana yanapita barabarani. Bahari iko karibu kilomita 190. Ikijisogeza yenyewe, mwenye adabu huipokea na chombo.

Uchaguzi usifanywe kwa pupa. Boti ya PVC ni nafuu, ila jua kali huilegeza gundi. Ya Hypalon ni ghali lakini hudumu, hivyo inaendana na mipango yetu ya muda mrefu. Injini ya nguvu za farasi 15 yatosha, na ile ya kuchanganya petroli na oili haimtishi fundi pikipiki. Wapo watakaosema koleo na toroli ni rahisi zaidi. Kweli, lakini nani amewahi kukata utepe kwa ajili ya koleo? Tena mtaro ukizibuliwa, boti tutaiendesha wapi? Na zile chupa za mtaroni? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, chupa zikabaki. Bila shaka ziliwekwa akiba ya maboya. Kilichobaki ni kuchagua rangi ya boti.