Kwa Heshima na Taadhima, Flashi

Kila mahafali yana risala yake, na kila risala ina orodha ya wanaoshukuriwa: mgeni rasmi, mkuu wa shule, bodi, wazazi, wapishi, na mlinzi wa getini ambaye mwaka mzima hakuna aliyemsalimia. Sijawahi kusikia risala iliyoishukuru flashi. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Nimesoma kompyuta tangu nilipoingia shuleni hapa, nimefanya na wenzangu kazi za mradi za picha, sauti na video, na ninasema bila kuiogopa bodi: kama kuna aliyetufundisha hayo mambo yanayoitwa midia ya kidijitali, ni kile kidude cha plastiki chenye kamba iliyokatika, kilichopita mikononi mwetu sote kama kata ya mtungini.

Nianze na nasaba, maana mtu hasifiwi bila kutajwa ukoo. Babu ni Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba huko Japani, ambaye mwaka 1984 aliutangazia ulimwengu aina mpya ya kumbukumbu, ile inayoshikilia data hata umeme ukikatika. Yarudie maneno hayo polepole: hata umeme ukikatika. Sina habari kwamba Masuoka amewahi kufika kwetu, lakini ni wazi alituwaza. Flashi zenyewe zilianza kuuzwa mwaka 2000, zikiwa na MB 8. Video ya simu ya siku hizi hula kwa urahisi zaidi ya MB 100 kwa dakika, kwa hiyo mzaliwa huyo wa kwanza angebeba kama sekunde nne za filamu yetu na kuishia pale mhusika mkuu anapokohoa kabla ya kuanza kusema. Wako wanaoamini filamu ingekuwa bora zaidi hivyo.

Umbile lake nalo lina mafunzo. Kichwa kile cha USB kilitoka mwaka 1996, kazi ya wahandisi ambao miongoni mwao alikuwemo Ajay Bhatt wa Intel, na Bhatt mwenyewe amewahi kueleza kwamba kichwa cha kuingia upande wowote kingehitaji nyaya zaidi na kupandisha gharama. Wakabana matumizi wao, unyenyekevu tukaupata sisi. Anayeongoza darasa kwa hisabati huchomeka, ikagoma, akageuza, ikagoma, akarudia upande ule wa kwanza, ikaingia. Anayeshika mkia hupitia hayo hayo. Mtihani wa kuwalinganisha watu kiasi hicho haujatungwa bado.

Sasa matendo yake makuu, na la kwanza ni virusi. Watu huvisema vibaya. Mimi nasema kabla ya virusi tulijua kubofya tu. Asubuhi ya kuwasilisha mabango yetu ya kampeni ya usafi tulichomeka flashi, tukakuta kila folda imegeuka shotikati. Majina ni yaleyale, lakini kila moja ina kimshale pembeni na uzito wa KB moja au mbili. Mwenzetu mmoja alilia. Mwingine akapendekeza tuombe. Mwalimu akavuta kiti, akafungua ile skrini nyeusi ambayo tulikuwa tukiiona kwenye sinema za wadukuzi, akaandika attrib na viherufi vichache baada yake, akabonyeza Enter, na folda zote zikajitokeza zilipokuwa.

Kumbe hazikuwa zimekwenda popote. Kirusi kile hakifuti kitu. Kinazipiga folda zako muhuri wa kufichwa na muhuri wa kuwa mali ya mfumo, halafu kinaweka shotikati zenye majina yaleyale mahali pake. Ukibofya shotikati, kinajiendesha chenyewe kwanza, kisha kinakufungulia folda yako kwa adabu zote ili usishtuke. Daftarini tulikuwa na notisi nzuri kabisa kuhusu tofauti ya faili na jina la faili, tulizozikariri na kuzisahau kwa mpangilio uleule. Baada ya asubuhi ile hakuna aliyesahau. Wapo hata waliofanya attrib kuwa biashara ndogo: Kidato cha Pili wakipatwa, wanalipa andazi.

Flashi hiyohiyo ilitufunza maana ya kufuta. Kuna mtu, nitamstahi, alifuta kwa hasira picha za kundi jingine. Ikapakiwa programu ya kurejesha mafaili, PhotoRec, nayo ikazirudisha. Kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 kufuta ni jambo la kiofisi tu: kompyuta hubadilisha herufi ya kwanza ya jina la faili kwenye orodha, na data yenyewe hukaa pale pale hadi siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Picha zikarudi zote bila majina, zikiwa zimefuatana na nyingine za harusi ya watu tusiowajua. Kumbe flashi yetu ilikuwa na maisha kabla yetu. Tukamwona bibi harusi, tukamwona mpambe aliyesinzia, tukauona ubwabwa. Tangu siku ile darasa zima lina uangalifu na picha zake ambao hakuna semina ya usalama mtandaoni ingeweza kuuleta.

Lakini tendo ninaloliheshimu kuliko yote ni lile la faili la mradi. Tulikuwa tunahariri filamu fupi kuhusu mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019 na ambayo bado hukosi kuiona imenasa kwenye michongoma. Tulitumia Windows Movie Maker. Microsoft iliacha kuitoa programu hiyo mwaka 2017, ila kompyuta zetu hazijapelekewa barua. Mhariri wetu akaiweka kazi kwenye flashi, na siku ya kuwasilisha akaifungua kwenye kompyuta yenye projekta. Ukutani ukatokea mstari mrefu wa vipande vya filamu, na juu ya kila kipande alama ya tahadhari. Filamu ya dakika tatu ilikuwa na uzito wa KB kadhaa.

Faili la mradi halibebi video. Linabeba maagizo: nenda kwenye kompyuta fulani, folda fulani, chukua kipande fulani, anzia hapa, ishia pale, weka maandishi meupe, shusha muziki. Video zenyewe zilikuwa zimebaki kwenye kompyuta ya dirishani zikipigwa na vumbi. Audacity, ambayo tunahariria sauti, nayo ilikuwa na tabia hiyo hadi toleo la 3.0 la mwaka 2021: kijifaili cha mradi huku, folda ya sauti kule, na aliyebeba kimoja alibeba bure.

Hapo ndipo nilipoelewa uhariri. Miezi yote niliamini kwamba tunakata filamu, na nilikuwa nikizionea huruma zile sehemu tulizozitupa. Hakuna kilichokatwa. Kila kikohozi cha mhusika mkuu kipo kizima mahali fulani, na kazi yetu yote, ubishi wote wa usiku wa prepo kuhusu wapi pa kuanzia na nani aonekane, ilikuwa orodha ya maamuzi yenye uzito wa barua fupi. Mwalimu alishatuambia hivyo kwa maneno. Flashi ilitueleza mbele ya darasa zima na mgeni mmoja kutoka ofisi ya elimu. Ikabidi tuisimulie filamu kwa mdomo, onyesho baada ya onyesho, mmoja wetu akitoa sauti ya upepo. Mgeni aliuliza maswali mengi kuliko alivyowauliza wenye filamu za kuonekana, tukapewa alama za ubunifu. Sidai kwamba haki ilitendeka.

Ukitoka nje ya geti ndipo utaona flashi inavyoheshimiwa na watu wenye kazi zao. Imechomekwa kwenye redio ya daladala, kwenye spika ya bodaboda, saluni, kwa muuza chipsi. Kuna vibanda ambavyo unatoa hela, unataja wasanii, unaingiziwa nyimbo, na mwenye kibanda anakuongezea mbili asizoulizwa kwa sababu yeye ndiye anayejua mtaa unasikiliza nini. Wataalamu wa mitandao wanatumia kompyuta kwa kazi hiyo ya kumpendekezea mtu muziki, na jamaa anaifanya huku anakula muhogo. Kuba wamefika mbali zaidi. Intaneti ilipokuwa adimu na ghali kwao, watu walizoea kifurushi cha kila wiki, El Paquete Semanal, chenye karibu TB nzima ya tamthilia, muziki, hata matangazo ya biashara, kinachopita mkono kwa mkono kwenye diski na flashi. Na kama kuna anayeona kifaa hiki ni duni, akumbuke Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kituo kile hakikuunganishwa na intaneti. Inaaminika kilichoingiza kirusi ndani ni flashi. Mlinzi, uzio, jeshi, vyote vilikuwepo. Kwetu hapa bado tunakaguliwa mabegi kutafuta simu, na flashi inapita ndani ya soksi.

Wapo wapinzani, nami nitawajibu kwa staha. Wanasema flashi inakataa faili kubwa. Kweli, FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, hata kama flashi ina nafasi tupu ya kulala ndani. Nasema filamu ya mwanafunzi inayozidi GB 4 ina matatizo mengine. Wanasema ziko flashi bandia, zimeandikwa GB 64 na ndani zina 8, zikijaa zinaendelea kupokea na kuharibu bila kusema neno. Hiyo nayo ni elimu: sijui somo lingine lililotufundisha kuhakiki chanzo kabla ya kukiamini kwa bei nafuu kama hiyo. Wanasema kila ukiandika juu yake inachakaa kidogo, kwa kuwa ule utando unaozuia elektroni zisitoke hulegea kadiri unavyotumika. Mwalimu wetu wa kemia naye amelegea, na hakuna aliyependekeza abadilishwe.

Kisha huja wale wenye bando. Hao husema: pandisha kwenye wingu. Sawa. Faili la GB 1, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 1 kwa sekunde, linahitaji zaidi ya saa mbili, na hapo umeme uwe na subira, modemu ya ofisini iwe haijatumwa kazi nyingine, na mhasibu awe hajaamua kuangalia mpira. Flashi inalimeza faili hilo kwa dakika chache, halafu inatembea. Zaidi ya hapo, wingu halina aibu. Halijawahi kumkutanisha mtu na mwenzake walionuniana. Sisi kwa kuwa tulikuwa na flashi moja, kundi la picha ilibidi liongee na kundi la sauti, kundi la sauti liwavumilie watu wa video, na msichana aliyekuwa haongei na mtu alijulikana na darasa zima kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anairudisha siku aliyoahidi.

Hoja yao ya mwisho ndiyo wanayotamba nayo: flashi hupotea. Hupotea. Yetu ilipotea wiki ya kufunga muhula, ikiwa na filamu nzima safari hii, video na kila kitu. Tuliitafuta jikoni, msikitini, chini ya magodoro. Ilikuwa bwenini kwa Kidato cha Pili, na wenyeji wake walikuwa wameionyesha filamu kwa kila aliyepita, kwenye laptopu ya patroni, mpaka watoto wa wafanyakazi wakawa wanajua maneno ya mhusika mkuu pamoja na kikohozi chake. Watazamaji wote tuliowahi kupata tuliwapata kwa kuibiwa. Walikuwa pia wameukata mwisho wetu, ile hotuba ya mazingira, na kubandika mwisho wa kwao, mbuzi anautafuna mfuko huku anaitazama kamera, kisha yakaja majina yao. Mwongozaji wetu alitaka kwenda kwa mwalimu wa nidhamu. Mimi niliwaomba wanikopie.