Tochi Yenye Masikio

Umeme ukikatika usiku mtaani Buyenzi, Burundi, hakuna anayesoma mkataba. Fundi cherehani mmoja wa hapo, mwenye suruali ya mguu mmoja mezani na mteja anayenuna mlangoni, alipakua programu ya tochi ya bure. Yakamtokea maandishi marefu ya Kiingereza, wakati yeye ana Kirundi, Kiswahili na Kifaransa cha kuandikia risiti tu. Akabonyeza Kubali. Mwanga ukawaka, suruali ikapata mguu wa pili.

Bwana huyuhuyu akinunua zipu huivuta, huinusa, kisha hugombania faranga mia kana kwamba anapanga mahari.

Baadaye mpwa wake alikagua ruhusa za programu ile: mahali simu ilipo, majina yote yaliyohifadhiwa, na kipaza sauti.

“Mjomba, tochi inataka kusikia nini?”

“Labda namna ninavyoulaani umeme.”

Wenzake walicheka, lakini kisa cha kweli kinachofanana na hicho kipo. Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya waliotengeneza Brightest Flashlight, tochi ya simu iliyopakuliwa na mamilioni ya watu. Ilikuwa ikiwapelekea watangazaji wa biashara mahali mtumiaji alipo pamoja na namba ya kitambulisho cha simu yake. Uhondo uko hapa: mkataba wake ulikuwa na vitufe viwili, kukubali na kukataa, na taarifa zilikuwa zinaanza kuondoka kabla mtu hajagusa hata kimoja. Kwa hiyo hata msomaji hodari angekuwa amechelewa.

Waingereza nao hawana la kutucheka. Aprili mosi 2010, duka la michezo ya kompyuta la Gamestation liliweka kwenye masharti yake kifungu cha kulimilikisha roho ya mnunuzi. Maelfu walilipa wakaondoka bila roho.

Nchini Kenya mzaha uliisha pale programu za mikopo zilipoanza kuwapigia simu watu wasiokopa chochote, ila namba zao zimo kwenye simu za wakopaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikapata kazi: Septemba 2023, kampuni yenye programu za KeCredit na Faircash ilitozwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu na kuwatumia vitisho.

Ndugu msomaji, fungua mipangilio ya simu yako leo, tafuta sehemu ya ruhusa, na uinyang’anye kipaza sauti kila programu isiyo na shughuli na sauti yako.