Jinsi ya Kupona na Vyuma Mguuni Wakati Mtaa Mzima wa Gisenyi Umegeuka Daktari

Mfupa wa muundi ulivunjika, daktari akaupitishia msumari mrefu ndani au akaubana kwa sahani ya chuma na skrubu. Sasa umerudi nyumbani Gisenyi na magongo mawili. Hujakaa vizuri, sebule imejaa wataalamu: jirani, shemeji, mama wa nyumba ya pili, na mzee ambaye baba yake aliunga mifupa enzi zake. Wote wanakupenda, na kila mmoja ana dawa yake. Fuata hatua hizi ili upone bila kumkosea yeyote adabu.

Hatua ya 1: Kipe chuma cheo chake. Wageni watasema, "Umewekewa chuma, sasa una nguvu kuliko sisi, inuka utembee." Usiinuke kwa maneno hayo. Chuma hakiungi mfupa; mfupa hujiunga wenyewe, chuma kinaushika tu usicheze, kama mbao zinavyoshika zege mpaka likauke. Damu iliyoganda penye mvunjiko hugeuka tishu laini katika wiki za mwanzo, kisha tishu hiyo hukomaa kuwa mfupa. Muundi wa mtu mzima kwa kawaida huhitaji miezi 3 hadi 6, na mara nyingine zaidi. Chuma kinachobebeshwa uzito mwezi baada ya mwezi huku mfupa haujaunga mwishowe huchoka na kukatika. Kwa hiyo anayesema uzito gani uweke mguuni, na lini, ni daktari aliyekupasua. Akikwambia kanyaga, basi kanyaga bila woga, kwa sababu mfupa hukomaa kwa kufanyishwa kazi.

Ukitaka kumnyamazisha shemeji mjuaji, msimulie historia. Msumari wa ndani ya mfupa uliletwa na daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, mwaka 1939. Mwaka 1999 Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN, linalotengeneza misumari inayoweza kuwekwa hata katika chumba cha upasuaji kisicho na mashine ya eksirei. Misumari hiyo imesimamisha watu wengi Afrika Mashariki.

Hatua ya 2: Mpe muunga mifupa kiti na chai, mnyime mguu. Atakuja na mafuta, majani na vidole vyenye nguvu. Mwambie hivi: "Mzee, asante kwa kuja, karibu uketi. Lakini mguu huu una mwenyewe, yuko hospitali." Kukanda mfupa uliotoka kupasuliwa hutikisa kinachojaribu kuunga. Majani juu ya kidonda huingiza vijidudu, na vijidudu vikishafika kwenye chuma ni vigumu mno kuviondoa. Bandeji iliyokazwa sana inaweza kukata damu mpaka mguu ukapotea. Mzee apewe heshima yake yote, na chai ya pili akitaka.

Hatua ya 3: Chemchemi za Nyamyumba zisubiri. Kila mtu atakutuma kwenye maji ya moto ya kule, karibu na kiwanda cha Bralirwa kando ya Ziwa Kivu, ambako watu hupeleka viungo vyao vinavyouma. Maji hayo hayahami. Kidonda kibichi hakiingizwi katika chemchemi wala ziwani. Kifunge kabisa kwanza, daktari akubali, ndipo uende ukastarehe.

Hatua ya 4: Soma njia kabla ya kuikanyaga. Nje ya lami, mji wetu una mawe ya volkano yasiyomhurumia mwenye magongo. Kanuni ya ngazi ni moja: ukipanda, tanguliza mguu mzima, ukishuka, tanguliza magongo pamoja na mguu mgonjwa. Ukiwa umeketi, chezesha kifundo na vidole mara nyingi kwa siku ili damu isigande. Petite Barrière, wanakopita maelfu wakienda na kutoka Goma, iache kwa sasa, maana msongamano haujui nani ana skrubu. Pikipiki nayo ipumzike. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi usijilaumu ukisikia majembe ya Umuganda: kazi ile ni ya wenye uwezo wa kuifanya, na kazi yako sasa ni kupona.

Hatua ya 5: Ruhusu mapishi yote, kagua vinywaji. Hapa majirani wana haki kabisa. Waambie walete sambaza. Dagaa hawa waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa kuwa huliwa na miiba yao, wanakupa protini na kalsiamu kwa pamoja. Maharage, mayai, isombe na ikivuguto vikaribishwe pia. Sigara ibaki mlangoni na mwenye nayo, kwani uvutaji huchelewesha mfupa kuunga. Primus nayo isubiri, hata kama inapikwa hapa hapa mjini: pombe haipatani na dawa kali za maumivu, na mlevi mwenye magongo ni mvunjiko wa pili unaokuja.

Hatua ya 6: Chagua hofu zako. Utaambiwa chuma huvuta radi. Radi huua watu katika mkoa wetu, lakini haifuati skrubu iliyo ndani ya nyama. Mvua ikianza, ingia ndani kama kila mtu. Utaambiwa kitashika kutu. Vyuma hivi ni vya titani au chuma cha pua, vimetengenezwa kukaa mwilini, na watu wazima wengi hawatolewi kamwe. Ogopa haya: usaha au wekundu unaoenea, homa, shavu la mguu kuvimba na kuuma, vidole kufa ganzi au kubadilika rangi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikibana, piga 912.

Hatua ya 7: Tunza makaratasi kama hati ya shamba. Weka pamoja picha za eksirei, karatasi ya rufaa na maelezo ya aina ya chuma ulichowekewa; daktari wa kesho atayahitaji. Hakikisha bima ya mituweli imelipwa, ili mchango wako hospitalini ubaki asilimia 10 na nauli isikushinde siku ya miadi. Usiache kurudi kwa sababu maumivu yameisha, maana maumivu huweza kuisha kabla mfupa haujaunga, na ni picha inayoonyesha ulipofikia. Ndugu msomaji, kama tarehe yako ya picha imepita, panga safari wiki hii.