Jinsi ya Kumaliza Wiki Bayreuth Bila Kupoteza Unga, Profesa wala Ukoo

Anza wiki yako Jumamosi, na uianzie dukani. Bayreuth iko Bavaria, Ujerumani, na Bavaria maduka hufungwa saa mbili usiku. Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Mwanafunzi wa uzamivu aliyezoea kumtuma mtoto kwenye duka la Mangi saa nne usiku akalete sukari lazima alijue hili kabla hajaijua njia ya maktaba. Beba chupa zako tupu za plastiki. Nyingi ulizilipia amana ya senti 25 kila moja, na mashine ya pale dukani itakupa karatasi ya kupunguzia bei ya manunuzi. Usione haya kusimama na mfuko wa chupa: profesa wako naye yumo kwenye foleni hiyo hiyo. Kisha pitia duka la Waturuki utafute bamia, nyama ya kondoo na pilipili inayowasha kweli. Unga wa mahindi wa madukani mara nyingi ni wa chengachenga; ukikosa wa nyumbani, songa ugali wa semolina. Waliotangulia wameusonga miaka mingi na wamehitimu.

Jumapili nchi nzima imenyamaza. Usitoboe ukuta, usitupe chupa kwenye pipa la vioo, usisogeze kabati. Jirani atakuja mlangoni, na hatakuja kuazima chumvi. Kaa upige simu nyumbani. Piga mapema, kwa sababu majira ya baridi Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele kwa saa mbili, na majira ya joto kwa saa moja. Ukisubiri umalize kufua utawakuta wamelala.

Simu hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote za wiki, kwa hiyo jiandae kwa karatasi na kalamu. Watu wa nyumbani wameiona picha yako mbele ya jumba la opera la Wagner, lile lililofunguliwa mwaka 1876, na kadi za michango zimeshaanza kuchapwa: harusi ya binamu, kipaimara cha mtoto wa jirani, bati za nyumba ya baba mkubwa. Usizime simu. Usisingizie mtandao. Waambie hesabu. Serikali ya Ujerumani, tangu Septemba 2024, inamtaka mwanafunzi anayejigharamia aonyeshe euro 11,904 za mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, na akaunti hiyo humwachia euro 992 tu kwa mwezi. Ndani ya hizo mna kodi ya chumba, bima ya afya, chakula, na ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa kila nyumba, hata kama hamna televisheni. Msomee mjomba orodha hiyo baada ya shikamoo, polepole, moja baada ya nyingine. Nimeona ukoo mzima ukitulia kwa orodha kama hiyo, na nimeona mwingine ukivunjika kwa sababu kijana aliona aibu kuisoma. Watu wa nyumbani wakinyimwa hesabu hujitungia yao, na wanayojitungia huwa kubwa. Halafu chagua jukumu moja unaloliweza, tuseme ada ya mdogo wako, ulitimize kila muhula bila kukosa. Kwenye mengine toa pole, toa pongezi, na useme wazi kwamba mwaka huu huna.

Kabla hujakata simu, mweleze mama tasnifu yako kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu. Akiuliza, "Sasa hiyo itamsaidia nani, mwanangu?" usicheke. Liandike swali lake. Jumanne profesa atakuuliza hilo hilo, ila yeye atalizungusha kwa dakika ishirini.

Jumatatu andika. Funga barua pepe, andika mpaka mchana, kisha nenda kantini ya chuo ukale na watu.

Jumanne ni siku ya kumpinga profesa. Najua ulivyolelewa: mwalimu akisema unaitikia, na shaka yako unabaki nayo moyoni. Huku, kuitikia kila kitu humtia msimamizi wasiwasi. Hudhani hukusoma, au umekasirika. Nenda na ukurasa mmoja unaoeleza umefanya nini, umekwama wapi, na lipi unalikataa katika maoni yake ya mwezi uliopita, kwa ushahidi gani. Ukikosa moyo, anza na tanbihi. Adabu yako haitapungua. Mtu anapingika huku ukimwita kwa cheo chake, na vyeo wanavipenda vyote viwili, uprofesa kwanza, kisha udaktari. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilifunguliwa mwaka 1975 na kimejijengea jina katika masomo ya Afrika, lakini kuna mambo ambayo maktaba yake haiyajui na wewe unayajua: ngoma ya kwenu inaitwaje, nani huishika, nani haruhusiwi kuigusa. Yaseme. Ndiyo uliyoitiwa.

Semina ikitangazwa saa nne na mbele yake pameandikwa c.t., itaanza saa nne na robo. Usifurahi mno, robo hiyo ni ya chuoni tu; ofisi za serikali haziitambui. Ukimaliza kuwasilisha watagonga meza kwa vifundo vya vidole. Usishtuke, hayo ndiyo makofi yao.

Jumatano shughulikia karatasi, maana karatasi zisiposhughulikiwa hukushughulikia wewe. Ukihama chumba una wiki mbili za kuandikisha anwani mpya, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Kibali cha kuishi kinachokwisha Oktoba kiombee miadi tangu majira ya joto, kwa maandishi, ubaki na nakala. Barua za ofisi huja kwa posta, kwa Kijerumani kigumu. Usizifiche chini ya godoro, mpelekee mwenzako aliyekutangulia akusomee. Na binamu akikushauri ubebe boksi usiku kucha, mtajie sheria: mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280. Ukizidisha hapo unachezea kibali.

Alhamisi ya Desemba ndiyo mbaya. Jua limezama muda mfupi tu baada ya saa kumi jioni, umeandika aya moja, na tangu asubuhi hakuna aliyekuita kwa jina. Usikae chumbani. Hili silifanyii utani kabisa: nimewaona watu wenye akili nyingi wakididimia kimyakimya, na nyumbani wakiendelea kusifiwa. Toka utembee mchana, mwanga ungalipo. Chuoni kuna washauri wa kisaikolojia wa wanafunzi. Kwenda kwao si wazimu, na huna haja ya kumwomba mtu ruhusa. Tena ujue hukuanza wewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake yakaingia kwa wingi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Jina lililokaa mbele ni la mhariri wake, Carl Velten. Kitafute maktaba ukisome, kisha rudi uandike sura yako, na jina lako liwe juu yake. Wataalamu wa Kiswahili hukutana hapo hapo Bayreuth kila mwaka kwa kongamano lao. Peleka sura hiyo, na uisome kwa Kiswahili.

Ijumaa mchana maofisini hamna mtu, kwa hiyo mtumie profesa kurasa zako asubuhi. Baada ya hapo pika sufuria kubwa. Mwite Mkenya wa ghorofa ya tatu, Mkongo wa kitivo cha sheria, Mrundi anayedai hajui kupika, na yule Mjerumani anayejifunza Kiswahili. Kila mtu aje na sahani yake, za hosteli hazitoshi. Mkongo atasema ugali ni laini, Mkenya atasema ni kidogo, na mtabishana kwa raha mpaka saa nne usiku. Saa nne ikifika shusheni sauti, jirani analala, na aliyekuja mikono mitupu ndiye aoshe vyombo.